Askari Elfu Kumi na Saba

Kuna wanaojivunia mashamba, kuna wanaojivunia watoto, na kuna wanaojivunia sauti ya kuimba. Hadubini alijivunia kidole gumba. Kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto alikuwa amebonyeza kile kidude cha kuhesabia kwa miaka thelathini na moja, tiki, tiki, tiki, jicho likiwa limenasa kwenye kioo cha hadubini, akihesabu chembe za damu za watu wa mji mzima. Mkewe alisema hata usingizini kidole hakikulala, kilibonyeza shuka mpaka alfajiri. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye cheti cha ndoa. Kwingine kote, kuanzia kwa mlinzi wa getini mpaka kwa mganga mkuu, alikuwa Hadubini, na hakuona ubaya.

"Nashukuru Mungu," alikuwa akisema. "Mwenzangu wa chumba cha pili kazi yake ni kupima choo. Fikirieni angeitwa nani."

Alitaka kuwa daktari. Alama zake zilitosha kumwingiza chuoni lakini hazikutosha kumfikisha kwenye udaktari, wakamsukumia maabara, chumba cha chini chenye madirisha madogo na harufu ya spiriti. Siku ya kwanza mkufunzi wao aliwaambia kazi ya maabara ni kuhesabu, na kazi ya daktari ni kujua hesabu ina maana gani. Hadubini aliyachukua maneno hayo kama kiapo. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake aliambiwa: "Sisi tunahesabu, wao wanafikiri. Ukianza kufikiri, utakosea hesabu." Walicheka, naye akacheka nao, na hakuna aliyegundua kwamba mzee yule aliishi hivyo hivyo mpaka nyumbani kwake.

Kisha ikaja mashine. Nyeupe, kubwa kama friji ndogo, inameza damu upande huu na kutema majibu upande ule kwa dakika moja, kazi ambayo yeye aliifanya kwa dakika ishirini. Aliichukia kama mke mwenza. Walimwachia vioo vya damu yenye utata, ile ambayo mashine ilishindwa kuisoma na kuweka alama ya nyota, na walimwachia wanafunzi. Mmoja wa wanafunzi wake wa zamani ndiye sasa aliyekuwa mkuu wa maabara, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mkimya, mwenye macho ya kuona vumbi gizani. Mbele za watu alimwita Mwalimu. Mlango ukifungwa alimsahihisha, kwa heshima zote, mpaka jasho likamtoka.

Sasa huyu mtu, aliyepima sukari za watu maelfu, alikuwa na kisukari chake mwenyewe mwaka wa tisa. Mganga hajigangi, sawa, lakini Hadubini alikwenda mbali zaidi: alijilaghai kitaalamu. Siku tatu kabla ya kliniki aliacha chai ya sukari, alitembea kwa miguu kwenda na kurudi kazini, na alikunywa maji mpaka tumbo likapiga kelele kama pipa. Siku ya kipimo sukari ilisoma vizuri, daktari akampongeza, na jioni yake alijipongeza mwenyewe kwa soda mbili. Kuna kipimo kingine, kile cha sukari ya miezi mitatu, ambacho hakidanganywi na mfungo wa siku tatu. Hicho Hadubini alikijua vizuri sana. Kila daktari alipomwandikia, kwa bahati ya ajabu, dawa ya kukifanyia ilikuwa imekwisha maabara. Iliisha mara nne mfululizo, na kila mara aliyeandika kwamba imekwisha alikuwa yeye.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kwenye sebule yao, vitambaa vya bluu vikiwa vimejaa mpaka juu ya televisheni, na alikuwa ameifukuza sukari nyumbani kabisa. Hadubini hakubishana naye. Alihamishia sukari kazini, kwenye droo ya chini yenye karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wake mzuri: VIFAA, USIGUSE. Ndani mlikuwa na biskuti.

Jumatatu moja alipoteza kifuniko cha kalamu yake nyekundu. Mtu mwingine angechukua kalamu nyingine. Yeye aligeuza maabara juu chini. Alimshuku wa mapokezi, aliwapekua wanafunzi wawili, na alitoa hotuba fupi kuhusu wizi mdogo unaozaa wizi mkubwa. Jioni, nyumbani, alipovua kiatu cha kushoto, kifuniko kilidondoka sakafuni na kubingirika chini ya cherehani.

Alikuwa amekikanyaga tangu asubuhi.

Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na mimi nimepekua nguo za wenzangu. Alipogeuza unyayo akaona chini ya kidole kidogo pana shimo, si kubwa, kama tundu la kifungo. Halikumuuma hata kidogo. Hapo ndipo angepaswa kuacha kucheka. Mguu unaobeba kifuniko cha kalamu kutwa nzima bila kumwambia mwenyewe ni mguu uliokwisha kufa ganzi, na Hadubini, aliyekuwa amesikia jambo hilo kwenye semina zaidi ya sita, alifuta damu kwa pamba, akabandika plasta, akaenda kula.

Hakumwambia mkewe. Angemwambiaje? Angeanza na kifuniko, amalizie na biskuti. Badala yake alianza kulala na soksi.

"Baba watoto, joto lote hili unalala na soksi?" mkewe aliuliza.

"Miguu inapata baridi siku hizi. Uzee, mama watoto."

Kesho yake mkewe, kwa huruma, alimnunulia jozi mbili nyingine, nene zaidi.

Wiki mbili zikapita. Shimo halikufunga. Likapanuka kidogo pembeni, likaanza kutoa maji, na kidole kidogo kikabadilika rangi. Lakini halikuuma, na Hadubini akajiuliza, kidonda kisichouma kina haki gani ya kumsumbua mtu? Hata hivyo hakuwa mjinga kabisa, au ndivyo alivyojiona. Aliamua kufanya uchunguzi wa kisayansi. Wenzake walipokwenda kula, alijifunga mpira mkononi kwa kuukaza na meno, akajichoma sindano, akatoa damu yake, akaitandaza kwenye kioo, akaitia rangi, akakaa mbele ya hadubini. Hakuipa mashine. Damu yake aihesabu mgeni?

Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya elfu nne na elfu kumi na moja katika kile kitone cha kipimo. Hadubini alikuta elfu kumi na nne. Chembe nyeupe ndizo askari wa mwili, hata mtoto wa shule anajua, na yeye alikuwa na askari elfu kumi na nne. Alikaa akaitazama namba ile kwa furaha. Jeshi limekusanyika, alisema. Basi liache lifanye kazi.

Wiki iliyofuata walikuwa elfu kumi na sita. "Wanaongezeka," alijinong'oneza, akafungua droo ya vifaa akala biskuti mbili kuwatakia askari wake heri.

Wiki ya tatu, Ijumaa, walifika elfu kumi na saba.

Hapa inabidi niseme kitu kuhusu maabara ile. Kioo kisicho na namba ya daftari hakiruhusiwi kuwapo, na Hadubini, ambaye angeweza kumdanganya daktari wake, mkewe na tumbo lake, hakuweza kulidanganya daftari. Mkono wake ulikataa. Kwa hiyo kila mara alijiandikisha: namba, tarehe, na kwenye nafasi ya jina akaweka "mgonjwa wa nje, mwanamume, miaka 57". Na kulikuwa na kanuni nyingine. Kila Ijumaa mkuu wa maabara alifumba macho, akachomoa vioo kumi kutoka kwenye trei, akavisoma upya yeye mwenyewe, ili makosa ya jicho moja yashikwe na jicho la pili. Kanuni hiyo aliianzisha Hadubini, miaka kumi na miwili nyuma, na aliisahau siku aliyoihitaji kuikumbuka.

Saa nane mchana mkuu alitoka chumbani kwake na kioo mkononi.

"Nani alipokea namba mia mbili kumi na moja?"

Daftari lilifunguliwa. Mwandiko ule mzuri haukuwa na wa kufanana nao.

"Mwalimu, huyu mgonjwa unamkumbuka?"

"Wa nje," Hadubini alisema. "Mwanamume."

"Alikuwaje?"

"Wa kawaida tu. Mnene kidogo."

"Mwalimu, huyu mtu ana chembe elfu kumi na saba, na nyingi ni changa. Zimetolewa kiwandani, ndani ya mifupa, kabla hazijaiva, kwa sababu zilizoiva zimekwisha. Na zina madoa ya sumu ndani. Wewe ndiye uliyenifundisha madoa hayo." Alisema polepole, macho yakiwa kwenye kioo. "Huyu mtu anaoza mahali fulani. Tukimwacha apitishe wikiendi nyumbani, Jumatatu tutamkuta mochwari. Alienda wapi?"

Hadubini alifungua mdomo. Angeweza kusema hapo. Baadaye alikiri kwamba mdomo ulikuwa wazi kabisa, na neno "mimi" si neno refu. Lakini alichosema ni: "Labda bado yuko kwenye mabenchi."

"Basi tumtafute. Wewe pita upande wa wagonjwa wa nje, mimi naenda famasia."

Na Hadubini akatoka kwenda kujitafuta.

Alipita kwenye korido, akichechemea kidogo, akiita kwa sauti ya kazi: "Mwanamume wa miaka hamsini na saba! Aliyepimwa damu leo!" Wazee wawili waliinua mikono. Mmoja alikuwa na miaka sitini na miwili lakini alisema yuko tayari kupunguza kama itamsaidia kuonwa mapema. Hadubini aliwahoji wote wawili, kwa makini, kama vile anaweza kugundua kwamba mmoja wao ni yeye. Aliangalia maliwatoni. Aliuliza kwa wauza magazeti nje ya geti. Mlinzi alimwambia hajamwona mtu mnene wa kawaida akitoka, ila wapo wengi wanaoingia. Robo saa nzima aliitumia hivyo, na kadiri alivyozidi kutafuta ndivyo alivyozidi kuamini, kwa namna ya ajabu, kwamba huyo mgonjwa ni mtu mwingine, maskini wa watu, na Mungu amsaidie.

Aliporudi, mama wa usafi alimzuia kwa fagio la deki mlangoni mwa maabara.

"Baba, simama hapo hapo. Sakafu nimeipiga deki sasa hivi. Mguu wako wa kulia unaacha maji. Huu wa kushoto unaacha nini?"

Hadubini aligeuka. Kwenye vigae vyeupe, kutoka maabara mpaka kona ya wagonjwa wa nje, na kutoka kona mpaka hapo aliposimama, kulikuwa na alama za kiatu kimoja, za rangi ya manjano yenye wekundu kidogo, moja baada ya nyingine. Mkuu wa maabara alikuwa akizifuata kutoka upande wa pili. Alizifuata mpaka mwisho wake, akaangalia kiatu, kisha akaangalia uso.

"Mwalimu," alisema, "una miaka mingapi?"

"Hamsini na saba," alijibu Hadubini.

Mkuu hakumsahihisha, na hakusubiri mlango ufungwe. Alimshika mkono kama mtoto anavyomshika baba yake barabarani, akampeleka wodini mwenyewe, na njia nzima alikuwa analia bila sauti. Hadubini alitaka kumfanyia utani mmoja, akaukosa.

Daktari wa kisukari alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka, asiyependa kupamba maneno. Alimvua soksi, akamvua ya pili iliyokuwa chini yake, akauinua mguu kwenye mwanga. Kidole kidogo kilikuwa cheusi. Cha pili yake kilikuwa kinafuata. Wekundu ulikuwa umepanda juu ya kifundo. Alichukua kalamu, akachora mstari kuzunguka mguu pale wekundu ulipoishia, chini kidogo ya nusu ya muundi.

"Vidole hivi viwili vinatoka leo," alisema. "Mguu sijui. Tunakupa dripu za dawa, tunakupa insulini, na tunautazama huu mstari siku tatu. Wekundu ukirudi chini, mguu ni wako. Ukipanda juu ya mstari, nakata hapa, chini ya goti. Umeelewa?"

"Lakini daktari, chembe zangu zilikuwa nyingi," alisema Hadubini. Alijisikia akisema hivyo na akajionea aibu, lakini alikuwa amekwisha kusema. "Elfu kumi na saba."

Daktari alivuta kiti.

"Nyingi, ndiyo. Zilikuwa zinafanya nini?"

Hadubini alivuta shuka kuufunika mguu.

"Nikuambie. Za kwanza kufika kwenye kidonda ni zile zinazokula vijidudu. Kwenye damu yenye sukari kama yako zinachelewa njiani, zikifika zinameza vibaya, na zikifa zinamwaga sumu yake na nyavu zake za kunasia vijidudu juu ya nyama nzima iliyo jirani. Kwa hiyo mwili unaona vita havijaisha, unatuma nyingine, changa, hazijui lolote. Baada yake hufika walaji wakubwa. Hao kazi yao ni mbili. Kwanza kuzoa maiti na uchafu. Halafu, wakishamaliza, hubadilika: wanaacha hasira na kuwaita wajenzi, nyama mpya iote, mishipa mipya ipite. Kwa mtu wa kisukari hawabadiliki. Wanabaki kwenye hasira. Wiki inapita, mwezi unapita, bado wanapigana, na wanachopigana nacho sasa ni wewe." Alifunika kalamu yake. "Na usidhani ni mguuni tu. Ugomvi huo huo, kwa moto mdogo, uko kwenye mishipa ya moyo, kwenye figo, nyuma ya macho. Miaka tisa. Ndio huo huo ulioua na hisia za unyayo wako."

Hadubini aliangalia kidole gumba chake cha kushoto. Miaka thelathini na moja alikuwa amewahesabu askari hao. Aliwajua kwa sura, kwa rangi, kwa umbo la kiini. Angeweza kumtofautisha mmoja na mwenzake gizani. Hakuwahi kuuliza hata siku moja mmoja wao anakwenda wapi na kufanya nini akifika.

"Nilikuwa karani wa jeshi," alisema. "Naandika waliopo kambini, basi."

Daktari hakucheka. Muuguzi aliyekuwa akitayarisha dripu alicheka kidogo, akajizuia.

Mkewe alifika jioni ile, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Hadubini alikuwa ametayarisha maneno ya kumchekesha, ya kifuniko, ya wazee wa kwenye benchi, na aliyaanza. Mkewe alimwacha aseme mpaka akachoka. Kisha aliinua shuka akaangalia bendeji palipokuwa na vidole.

"Soksi nilinunua mimi," alisema. "Nilichagua nene. Nikakuvalisha kwa mkono wangu, juu ya zile ulizokuwa nazo."

Aliketi kando ya kitanda mpaka asubuhi, futi ikiwa bado shingoni.

Siku tatu ni ndefu kwa mtu mwenye mstari mguuni. Kaka yake mkubwa alikatwa mguu kwa maradhi hayo hayo, na baada ya hapo aliishi miezi minne, akiwa amegeuzia uso ukutani. Hadubini ndiye aliyekuwa akimbeba kumpeleka bafuni, na alikumbuka jinsi alivyokuwa mwepesi. Sasa alilala chali akiutazama muundi wake. Siku ya kwanza wekundu ulibaki pale pale kwenye mstari. Siku ya pili asubuhi uliuvuka, kama upana wa ukucha, upande wa ndani. Daktari aliona, akaenda kupanga chumba cha upasuaji kwa kesho yake, akasema wataangalia mara ya mwisho kabla ya kumsukuma. Mkuu wa maabara alikuja kila asubuhi kuchukua damu kwa mkono wake mwenyewe. Elfu kumi na nane. Elfu kumi na tano. Siku ya tatu alikuja akiwa karibu kukimbia.

"Elfu kumi na mbili, Mwalimu. Na zilizoiva zimerudi."

"Wamepungua?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza maishani alifurahia namba inayoshuka. Mkewe alikuwa amekwisha kuinama juu ya mguu. Alikuwa ametoa futi shingoni, anapima kutoka kwenye mstari kushuka mpaka pale wekundu ulipoanzia, kama anayepima upindo wa sketi. Inchi moja kamili. Alipima tena, kwa sababu hakuiamini. Kisha akakaa chini sakafuni pale pale, akaweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda, na Hadubini alimsikia akilia kwa sauti, mwanamke ambaye hakuwahi kulia hata mama yake alipofariki.

Aliruhusiwa wiki sita baadaye, mguu ukiwa wake, vidole vikiwa vitatu. Ilibidi ajifunze upya kutembea, kwa sababu kidole kidogo, ambacho hakuwahi kukipa heshima yoyote, kumbe ndicho kilichokuwa kikimzuia asianguke kushoto. Alianguka kushoto mara mbili kwenye vitambaa vya sare. Sukari yake ya miezi mitatu ilipimwa, na dawa ya kipimo, kwa bahati ya ajabu, ilikuwapo.

Daktari ndiye aliyemwomba awe anazungumza na wagonjwa wa kliniki kila Alhamisi. Hadubini alifaa kazi hiyo kuliko alivyowahi kufaa kitu chochote. Alisimama mbele ya mabenchi na fimbo yake, akawasimulia kifuniko cha kalamu, droo ya vifaa, askari elfu kumi na saba waliokuwa wakipigwa picha badala ya kupigana, na jinsi alivyozunguka hospitali nzima akijitafuta. Watu walishika mbavu. Kulikuwa na waliokuja Alhamisi isiyo yao ili wamsikie. "Mjinga mimi," alikuwa akimalizia, "nilidhani jeshi kubwa ni amani." Wakapiga makofi, wakachukua dawa zao, wakaenda nyumbani na viatu vyao miguuni.

Mkewe alikuwa akimsindikiza, anakaa benchi la nyuma na kazi ya mkono, akishona vifungo. Hakuwahi kucheka. Alhamisi ya tano, wakirudi nyumbani polepole kwa sababu ya fimbo, alimuuliza bila kumtazama.

"Baba watoto. Ulipohesabu mara ya kwanza. Elfu kumi na nne. Mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza angesema maana yake nini?"

Hadubini aliendelea kutembea hatua tatu, nne.

"Angesema kidonda kimeoza. Kimbia hospitali."

"Na wewe hukujua anachokijua mwanafunzi wako?"

Utani ulimjia, mmoja mzuri sana, akauacha upite.

"Nilijua," alisema. "Nilijua siku ile ile, kabla sijamaliza kuhesabu. Niliogopa kisu. Nikaona afadhali nife mjinga kuliko kukatwa."

Mkewe alisimama. Watu waliwapita kulia na kushoto.

"Basi waambie hivyo," alisema. "Hayo mengine hayamponyi mtu."

Alhamisi iliyofuata alisimulia kama kawaida, na watu wakacheka kama kawaida, mpaka alipofika mwisho. Hapo aliegemea fimbo kwa mikono miwili akasema kwamba amekuwa akiwadanganya. Hakuwa mjinga. Alijua, aliogopa, akakaa na woga wake wiki tatu ndani ya soksi mbili, akimwacha mkewe amvalishe. Hapo aliketi.

Hakuna aliyecheka. Kisha mwanamume mmoja wa benchi la mbele, yule aliyekuwa akicheka kwa sauti kuliko wote kila Alhamisi, aliinama taratibu akaanza kufungua kamba za kiatu chake cha kulia.